Vidole Viwili vya Mwaka Ujao

Mama hakuwahi kupima mkono wa mtoto ukaishia kwenye kifundo. Alimnyoosha mtoto mkono, akashika tepu begani, akaivuta mpaka kifundoni, halafu akaweka vidole viwili chini ya hapo, cha shahada na cha kati, na hapo ndipo sweta ilipoishia. "Hii ni ya mwaka ujao," alimwambia mzazi. Mzazi alikubali, kwa sababu hicho ndicho kilichomleta kwetu.

Mwaka wa kwanza mtoto alikunja mikono ya sweta. Mwaka wa pili ilimtosha. Wa tatu vifundo vilikuwa nje, lakini kufikia hapo kulikuwa na mdogo wake anayengoja. Shuleni tuliitwa watu wa sweta za kukunja. Nilichekwa kwa jina hilo na watoto ambao wao wenyewe walikuwa wamekunja, nami nikajifunza mapema kwamba mtu anaweza kukucheka akiwa amevaa kazi ya mama yako.

Karakana yetu iko Nyeri mjini, orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Ina mashine sita za kufuma, zile za kusukuma kwa mkono, meza ndefu ya pasi, na dirisha moja ambalo huonyesha mlima asubuhi isiyo na ukungu, yaani si mara nyingi. Mama alikuwa na kiti chake hapo dirishani, cha mbao, chenye mto alioushona kwa sweta iliyoharibika. Alikaa hapo akikagua shingo za sweta, moja baada ya nyingine, na kila iliyompita ilikuwa imepita.

Alianza kuuza Nyeri, akaenda Karatina, halafu Kerugoya. Akapanda Kianyaga, ambako watoto hupita kwenye mashamba ya chai na kuingia darasani wakiwa wamelowa umande hadi magotini. Akateremka Mwea, joto likamshinda, akawauzia zisizo na mikono. Akafika Embu, na kutoka Embu akazidi kuzunguka mpaka akarudi alikoanzia. Biashara yake ilizunguka mlima, ikatosheka. Nilipomuuliza kwa nini hajaribu Nairobi alisema, "Mahali hauoni mlima, utajuaje watoto ya huko inakua aje?" Nilidhani ni mzaha. Mama hakuwa mtu wa mizaha.

Lazima niseme jinsi tunavyoitana, la sivyo mtu hataelewa mbele. Mimi namwita maitu, mama yangu, kama kila mtoto wa kwetu. Naye ananiita maitu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu anayebeba jina hubeba na heshima yake. Kwa hivyo mgeni akitusikia jikoni hajui nani alimzaa nani. Ndugu zangu wawili walikuwa wakitucheka kwa hilo.

Nilikaa Nairobi miaka kumi katika ofisi ya kutayarishia watu karatasi za forodha. Kampuni ikapunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nilirudi nyumbani wakati ambapo macho ya mama yalikuwa yameanza kushindwa na uzi mweusi na wa buluu iliyoiva. Jumamosi moja alikunywa chai yake, akaweka ufunguo wa karakana kando ya kikombe changu, akasema, "Sasa utakuwa ukifungua wewe." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe. Ndugu zangu walielezwa kwa simu, nao wakakubali kwa haraka ya watu waliokuwa wakiogopa kuulizwa wao.

Wafumaji walinipokea vizuri, kwa ule upole wa watu wanaosubiri kuona. Mkubwa wao ni mwanamke aliyekuja wakati mashine ya pili iliponunuliwa. Yeye ndiye hupokea karatasi ya vipimo na kumwandikia kila mmoja kwa chaki, kwenye ubao ulio kando ya mashine yake. Wengine hufuata chaki. Nilipotoa agizo, waliitikia, "Sawa," kisha macho yao yakaenda dirishani kwa mama kuona kama kweli ni sawa. Yeye alitazama shingo ya sweta. Lakini macho yao hayakuacha kwenda.

Nilitaka kutoka nje ya mlima. Nilikuwa na sababu nzuri na nilizisema kwa yeyote aliyesimama: shule za hapa wanagawana wauzaji wengi, nazijua karatasi za mpakani, Afrika Mashariki ni soko moja siku hizi. Yote yalikuwa kweli. Lakini hasa nilitaka kufanya jambo moja ambalo mama hakulifanya, ili macho yale yaache kwenda dirishani.

Njia ilitoka chini yetu. Mwenye duka la vitambaa ni mzee Mwislamu ambaye babu yake aliuza kanga na blanketi katika barabara yetu hii hii. Ana shemeji Kampala anayezipelekea shule nguo. "Mwanangu," aliniambia akikunja kitambaa, "marehemu baba yangu alikomea Nanyuki. Mimi nikafika Isiolo, nikajiona nimefika Uchina. Sasa mwanangu yuko Uchina kwenyewe, na kila siku ananiuliza mbona nilichoka Isiolo." Alicheka peke yake, kisha akanipa namba ya shemeji yake.

Agizo la kwanza lilikuwa la shule tatu za mmiliki mmoja. Sweta za rangi ya damu ya mzee, shingo ya herufi V, mstari mmoja wa manjano kifuani. Vipimo vilikuja kwenye simu, vyote kwa sentimita. Sisi tunafuma kwa inchi. Jumapili baada ya kanisa niliketi mezani nyumbani kwangu na karatasi ya miraba, nikaandika sentimita zao upande wa kushoto na inchi zetu upande wa kulia, saizi baada ya saizi: kifua, urefu, mkono. Nilifanya kazi hiyo kwa raha. Jumatatu nikampa mfumaji mkubwa karatasi, naye akachukua chaki yake.

Mama bado alikuja siku mbili kwa wiki, akaketi dirishani. Siku moja nilikuwa nimeshuka kupokea uzi. Nilipopanda nilimkuta amesimama kwenye meza ya pasi, mkono wa sweta ya Uganda umelala mbele yake, na vidole vyake viwili viko kwenye ukingo wake. Alikuwa anatabasamu. Aliponiona aliulaza mkono ule vizuri, akarudi kitini. Sikufikiria lolote. Nilikuwa na uzi wa kuhesabu.

Mzigo uliondoka kwa lori kupitia mpaka wa Malaba. Karatasi zote za forodha nilizijaza mwenyewe na hazikurudishwa hata moja. Nilijivunia mihuri ile kuliko sweta.

Siku nne baadaye ilikuja picha. Watoto wanane wamesimama kwenye mstari, mbele ya ua lililokatwa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kiganja. Mikono ya sweta ilikuwa inaning'inia. Kisha simu ikalia.

"Nnyabo, tunashukuru sana kwa kazi," alisema mnunuzi wetu, yule shemeji wa mzee, akiniita bibi kwa adabu yao ya Kampala. "Lakini mwenye shule anauliza, mikono ya watoto imeenda wapi?"

Nilimwambia wanaweza kukunja. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria. Akanieleza, bila kunikemea, kwamba pale mwalimu wa zamu hupita asubuhi akikagua mavazi, na aliyekunja hurudishwa bwenini. Wazazi wao hununua sweta mpya kila mwaka. Mzigo utarudi.

Mimi hasira yangu ni ya baridi. Watu hudhani sijakasirika, na huko ndiko kuumia kwao. Nilikaa na ile picha mchana wote nikaona vidole viwili vya mama kwenye ukingo wa sweta, na lile tabasamu. Nikaona yote: ameongea na wafumaji nyuma yangu, amewaambia waongeze, wakaitikia kama kawaida yao. Niliona wazi kama mtu aliyekuwapo.

Siku iliyofuata mama alikuwa dirishani. Niliwaambia wafumaji wasimamishe mashine. Zote sita zilinyamaza, nikasikia magari ya chini.

"Hizo sweta za Uganda zinarudi," nikasema. "Mikono imezidi. Nataka kujua ni nani aliongeza vidole viwili."

Mfumaji mkubwa aliinua kichwa, akafungua mdomo. Mama akamtazama. Hakumtazama sana, ni kama mtu anayeangalia saa. Yule mfumaji akafunga mdomo, akashika uzi wake.

"Ni mimi, maitu," mama akasema.

Ningeweza kuyamaliza hapo. Ningeweza kusema tutaongea nyumbani. Nilisema hivi, na nakumbuka kila neno kwa sababu nililisema polepole: "Hii si karakana yako tena. Kama unataka kupima watoto, wapimie nyumbani."

Aliinuka. Alikuwa na tepu yake ya manjano, ambayo namba za mwanzo zilikuwa zimefutika kwa kushikwa. Akaizungusha kwenye vidole, akaiweka juu ya meza ya pasi, akachukua mkoba wake. Mlangoni aliwaambia wafumaji, "Haya, fanyeni kazi," kama alivyosema kila asubuhi. Walingoja. Mlango ulipofungwa, macho yao yote yalikuwa kwangu. Nikasema waanze, na mashine zikaanza.

Sikuhisi kitu. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walijuta papo hapo. Mimi nilihisi tu kwamba chumba kimekuwa changu, nikaenda kutafuta nafasi ya kuweka mzigo unaorudi.

Nafasi ilipatikana dukani chini. Mzee wa vitambaa aliyaangalia marobota yakiingizwa, akasikia habari yote kutoka kwangu, pamoja na sehemu ya mama. Hakusema mama amekosa, hakusema mimi nimekosa. Alisema tu, "Mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina." Nilidhani ananilaumu kwa kumtoa mama aliyenibeba. Nikamwambia asante kwa nafasi, nikapanda ngazi.

Tulizirekebisha zote. Ukitaka kupunguza mkono wa sweta unakata pale inapoanzia ribu, ule ukingo wa kifundoni unaovutika, unatoa inchi moja na nusu, upana wa vidole viwili, unaiunga ribu tena kitanzi kwa kitanzi. Ni kazi ya kuumiza macho. Vile vipande vilivyokatwa vilijaza magunia mawili, na hatukuwa na la kuvifanyia. Wafumaji waliifanya mpaka jioni. Nikitoa agizo, walinitazama mimi. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nilikula chakula changu cha mchana peke yangu.

Mama hakuja tena. Jumapili nilimpitia kwake, kilimani juu ya mto, tukaenda kanisani, tukarudi, tukala. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama mvua imefika mjini. Hakuuliza habari ya karakana hata mara moja. Alikuwa ameacha kufuma hata vitu vidogo vya nyumbani. Nilimwona akikaa na mikono juu ya mapaja, nikasema moyoni ni uzee.

Kampala walizikubali zile zilizorekebishwa. Miezi minne baadaye yule mnunuzi akaagiza tena, za shule nyingine mbili, vipimo vilevile. Nikaona hakuna haja ya kupiga hesabu upya. Karatasi ya kwanza ilikuwa imechomekwa kwenye msumari kando ya ubao wa mfumaji mkubwa, pamoja na nyingine za miaka ya nyuma. Nikaitoa.

Kushoto sentimita zao. Kulia inchi zetu, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu yangu ya kijani. Nilitaka tu kuona mahali mama alipokata namba zangu na kuandika zake juu. Hapakuwa na mahali palipokatwa. Nikachukua simu nikapiga hesabu ya saizi ya kwanza. Kifua sawa. Urefu sawa. Mkono umezidi kwa inchi moja na nusu. Saizi ya pili, mkono umezidi kwa inchi moja na nusu. Nilienda hadi ya mwisho, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kuendelea.

Sikumbuki kuongeza. Hapo ndipo ninaposhindwa mpaka leo. Nakumbuka chai, nakumbuka miraba ya karatasi, nakumbuka raha. Vidole viwili sikuviwaza kabisa. Kwangu mkono wa sweta ya mtoto ulikuwa huo, na ukinipa sentimita za mkono nitakupa inchi za mwaka ujao bila kujua nimefanya hivyo.

Nilingoja wengine waende chakula, nikamwonyesha mfumaji mkubwa karatasi.

"Ulijua?"

"Karatasi ni yako, bosi," akasema. "Mimi niliandika vile iko."

"Na siku ile mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Mama aliniangalia." Alipangusa chaki mikononi. "Sasa hiyo ingine niandike aje?"

Nilimwambia angoje. Nilikaa kwenye gari nikasubiri kulia, kwa sababu nilijua hapo ndipo mtu hulia. Hakuna kilichokuja. Nikafunga mkanda, nikaelekea kwa mama.

Mama alikuwa nje, ametandaza gunia, anatoa minji kwenye maganda. Niliketi kwenye kigoda cha pili nikachukua maganda kadhaa. Tulifanya hivyo kwa muda. Kisha nikatoa karatasi mfukoni nikaiweka juu ya gunia. Hakuichukua.

"Ni mimi niliongeza," nikasema.

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Hiyo siku ulienda kuchukua uzi. Niliona huo mkono kwa meza, nikapima mpaka kwa kifundo, nikaweka vidole. Iliingia sawasawa." Alinionyesha vile vidole viwili, vikiwa vya kijani kwa minji. "Nikajua hakuna mtu amekuambia. Nilifurahi, maitu. Nilikuwa nafikiria hiyo kitu itaisha na mimi."

"Na ukasema ni wewe."

"Sasa ungetaka niseme nini? Wale wamama walikuwa wananiangalia mimi kila siku, hawakuangalii. Mtu mpya akikosea mara ya kwanza, na mzigo imerudi kutoka nchi ya watu, nani atamsikia tena? Mimi nimezeeka. Kosa yangu haiharibu kitu."

Nilimwambia arudi Jumatatu. Nilimwambia nitasimama mbele yao wote niseme ukweli. Alitoa minji ya ganda zima kabla ya kujibu.

"Ukisema, mimi nitakuwa nimebeba hiyo kosa kwa nini?"

Nilisema, nisamehe. Nililisema sawasawa, kwa sauti, na lilikuwa kweli. Alisema, "Haya," akaniuliza kama nitabaki kula. Nilibaki.

Niliporudi mjini nilipiga hesabu upya, mbele ya mfumaji mkubwa, tarakimu kwa tarakimu. Mara mbili kalamu ilitaka kwenda zaidi na mara mbili niliirudisha. Mzigo uliondoka, ukafika, ukavaliwa. Mnunuzi alituma picha ya watoto waliosimama wima, mikono ya sweta imeishia kifundoni kabisa. Jumapili nikamwonyesha mama. Aliivuta ikawa kubwa, akaangalia mtoto mmoja baada ya mwingine, kwa umakini ule aliokuwa akikagulia shingo.

"Wako sawa," akasema. "Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao watanunua zingine."

Akanirudishia simu.

Sasa tunapeleka Kampala mara tatu kwa mwaka, na kuna mtu wa Kigali ameanza kuuliza. Shule za huku bado tunazifumia kwa vidole viwili. Nimeongeza mashine mbili. Mwezi uliopita niliajiri mfumaji mpya, mama wa makamo kutoka Kerugoya mwenye mkono mwepesi. Siku yake ya kwanza nilikuwa napanda ngazi nikamsikia akiuliza mbona kile kiti cha dirishani hakikaliwi na mtu.

"Hiyo ilikuwa ya mama ya bosi," mmoja wa wafumaji akamjibu. "Yule aliharibu kazi ya Uganda."

Mfumaji mkubwa alikuwa amesimama kwenye ubao wake, chaki mkononi. Aliniona mlangoni. Safari hii alinitazama mimi, akangoja niseme ukweli.

Nilikuwa na tepu ya manjano shingoni, ile yenye namba zilizofutika. Nilimwambia yule mgeni akichukue kile kiti akikalie, kazi ni nyingi.